Shuka Themanini Chini ya Setilaiti

Siku Fundi Kamba alipoambiwa apake mistari ya upogo, alikunja kamba yake, akaitia begani, akaondoka bila kuaga. Kwa waliomfahamu, hilo halikuwa jambo dogo. Alikuwa mtu wa salamu ndefu. Akikuta watu watano atawaamkia wote watano, mmoja mmoja, na wa sita akitokea ataanza upya.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, na thelathini kati ya hiyo alikuwa ameimaliza akiwa ameinama, anachora mistari. Alianza na viwanja vya mpira vya shule, kwa chokaa na kopo lililotobolewa. Akapanda hadi vivuko vya pundamilia, maegesho ya magari, viwanja vya netiboli na njia za wakimbiaji. Jina la Kamba alipewa na waamuzi wa mpira, kwa sababu hakuonekana popote bila kamba yake yenye mafundo, na kwa sababu aliwahi kuzuia mechi, timu zimeshajipanga na filimbi iko mdomoni, akidai kwamba eneo la penati la upande wa pili lilichorwa na mtu mwingine na limezidi kwa shibiri. Timu zote mbili zilimzomea. Yeye alipima, akafuta, akachora upya, kisha akatoka uwanjani ameridhika kama mtu aliyetoka kuoga.

Sasa mtu wa namna hiyo unamwambiaje apake upogo?

Kazi yenyewe ilitoka kwenye taasisi moja ya utafiti wa anga, jengo la ghorofa mbili lenye sahani kubwa za mawasiliano juu ya paa. Taasisi ilikuwa imerusha setilaiti ndogo, umbo lake kama jokofu la nyumbani, yenye kamera ya kutazama mashamba, mito na maziwa kutoka juu. Kabla ya kuaminiwa, kamera hiyo ilitakiwa ipimwe macho, kama vile mtu anavyokwenda kwa daktari akaonyeshwa herufi ukutani. Herufi za kamera zingekuwa drafti: miraba minne, miwili myeusi na miwili myeupe, kila mmoja mita sitini kwa sitini. Ingepakwa kwenye lami ya uwanja wa ndege wa zamani, pale ndege zilipokuwa zikiegeshwa kabla uwanja mpya haujajengwa.

Aliyempokea pale alikuwa mhandisi wa kamera, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, anayetembea haraka kana kwamba amesahau kitu jikoni. Alimwamkia vizuri, akatandaza mchoro juu ya boneti ya gari. Fundi Kamba aliutazama, akainamisha kichwa kushoto, akakirudisha.

"Mwanangu," alisema, "mchoro wako umepinda."

"Haujapinda, Fundi. Umeinama. Nyuzi saba."

"Lami inaelekea huku. Drafti inaelekea kule."

"Ndivyo tunavyotaka."

"Makusudi?"

"Makusudi kabisa."

Hapo ndipo alipokunja kamba.

Nyumbani alimkuta mke wake uani katikati ya kamba za kuanikia. Mke wake alikuwa dobi, na dobi wa sifa: nyumba za wageni tatu zilimletea shuka, na alikuwa na jicho la kuona doa ambalo mwenye shuka mwenyewe hakujua kama analo. Alimtazama mumewe akiingia, akaendelea kukunja.

"Baba Pacha," alimwambia, "mbona sura imekunjamana kuliko hizi shuka?"

Akaeleza. Alieleza kwa uchungu, akichora hewani kwa kidole drafti ilivyotakiwa kukaa na jinsi walivyotaka wao ikae. Mama mkwe wake, aliyekuwa kibarazani akichambua mchele, alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa bibi wa miaka sabini na minane, mdogo wa umbo na mkubwa wa ulimi. Kwa miaka yote ya ndoa ya binti yake hakuwahi kuielewa kazi ya mkwe wake. Wakimuuliza, alijibu kwamba mkwewe anachora chini ili watu wapate pa kukanyaga.

"Huo upogo," bibi aliuliza, "unamuumiza nani?"

"Unaniumiza mimi, Mama."

"Wapi?"

Fundi Kamba alifikiri. "Hapa," akasema, akashika shingo. Mkewe aliegemea nguzo ya kamba akacheka mpaka shuka ikamponyoka.

Kesho yake asubuhi mhandisi alikuja mwenyewe, na kompyuta mpakato kwapani. Aliwaamkia wote, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa, akaomba tena kitu kingine ambacho hakuna aliyekitarajia: kitambaa cha meza chenye mirabaraba. Mama Pacha, mke wa Fundi, akampa.

Mhandisi akakitandaza mezani. "Fundi, chukulia kila kimraba hapa ni nukta moja ya picha yetu. Kamera haioni chochote kidogo kuliko nukta, na nukta moja kule chini ni mita kumi kwa kumi. Sasa naweka mstari wako." Akachukua rula, akailaza sambamba na mirabaraba. "Hiki kimraba kimefunikwa nusu. Na hiki nusu. Na hiki nusu. Nimeuliza swali moja mara kumi, nimepata jibu moja mara kumi." Kisha akaizungusha rula kidogo tu. "Sasa tazama. Hiki kimefunikwa robo. Hiki theluthi. Hiki nusu. Hiki karibu chote. Maswali kumi, majibu kumi. Hapo ndipo tunajua kamera inaona kwa ukali kiasi gani."

Fundi Kamba alikuja karibu. Aliishika ile rula, akairudisha sambamba, akaiinamisha tena.

"Lakini mstari wenyewe," alisema polepole, "haupindi."

"Ukipinda hata upana wa kiganja, kazi yote imeharibika. Unaweza kuinama utakavyo, ila lazima unyooke. Wapaka rangi wapo wengi, Fundi. Sisi tuliuliza nani ananyoosha, kila mtu akakutaja wewe."

Hili lilimwingia. Lakini lililomwangusha kabisa lilikuja baadaye, wakati wa chai, mhandisi alipofungua kompyuta awaonyeshe picha. Kulikuwa na ardhi nyekundu, mawe, na anga la rangi ya vumbi. Mbele kabisa, juu ya mgongo wa mashine, palikuwa na kibao kidogo chenye viduara vya rangi: kijani, buluu, nyekundu, manjano, na pete za kijivu na nyeupe.

"Ni wapi hapa?" aliuliza Fundi.

"Mirihi. Hiyo ni mashine ya magurudumu inayotembea kule. Kamera yake ikitaka kujua kama wekundu wa yale mawe ni wekundu wa kweli, inakitazama kibao kwanza. Rangi za kibao zinajulikana tangu hapa duniani, basi nyingine zote zinapimwa kwa hizo."

Fundi Kamba aliweka kikombe chini. "Kuna mtu alikitia rangi kile kibao."

"Lazima yupo."

"Yaani yuko fundi rangi, sasa hivi anakunywa chai kama mimi, na kazi yake iko Mirihi."

"Naam."

Alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha puani, kisha kikashuka kifuani, kisha mabega yakaanza kuruka, na mkewe akacheka kwa kuwa mumewe anacheka, na mhandisi naye akafuata. Bibi peke yake aliendelea kuichungulia picha.

"Mvua za huko zikoje?" aliuliza.

"Hakuna mvua, Bibi."

"Basi rangi itadumu," akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimtazama mkwe wake kama mtu mwenye kazi.

Drafti ilichukua wiki tatu. Fundi Kamba alikuwa na vibarua sita, wanaume na wanawake aliowahi kufanya nao kazi barabarani, na aliwapanga kama kwaya. Kwanza walifagia lami, wakafagia tena, wakaiosha. Halafu akatoa ile kamba yake ya mafundo kumi na mawili. Mafundo matatu upande huu, manne upande ule, matano kuunganisha, na pembe inatoka mraba hata ungekuwa juu ya mwezi. Lakini kamba ya pembe ndogo haitoshi kwa mita sitini, kwa hiyo alipiga vigingi vya chuma, akavuta uzi wa waashi kutoka kona hadi kona, akapima ulalo mmoja, akapima wa pili, akasogeza kigingi unene wa kucha, akapima tena. Mwelekeo wa zile nyuzi saba aliwekewa na mpima ardhi wa taasisi kwa chombo chake cha miguu mitatu. Fundi aliukubali baada ya kuukagua mara nne.

Rangi ilikuwa ya aina isiyong'aa, kwa sababu rangi inayong'aa ingeurudisha mwanga kama kioo na kuipofusha kamera. Nyeusi ilikuwa nyeusi kama ndani ya sufuria ya kuni. Nyeupe ilikuwa nyeupe kiasi kwamba ikifika saa sita hakuna aliyeweza kuitazama, na vibarua walirudi nyuma huku wakipaka, macho wameyafumba nusu, wakigongana matako. Mmoja wao alijipaka kona akazungukwa na rangi mbichi pande zote, akakaa pale saa nzima akiimbiwa na wenzake.

Mpima ardhi alipokuja kuhakiki, alipima milalo ya kila mraba. Alirudia, akavua kofia, akajifuta uso.

"Tofauti ni sentimita mbili," akamwambia mhandisi. "Kwenye mita themanini na tano. Kwa uzi."

"Mbili?" Fundi Kamba aliuliza, uso umemshuka. "Kona ipi?"

Ilibidi mhandisi amshike mkono asiende kufuta.

Ilikuwa siku hiyo hiyo, wamesimama katikati ya drafti pale miraba minne inapokutana, Fundi Kamba alipouliza swali alilokuwa nalo tumboni wiki tatu. Aliuliza akitazama viatu vyake.

"Ikipita, nikiwa nimesimama hapa, itaniona?"

Mhandisi hakucheka. Alimtazama toka kichwani hadi miguuni akipiga hesabu. "Wewe ukitazamwa kutoka juu ni nusu mita ya mraba, Fundi. Nukta yetu ni mita mia moja za mraba. Wewe ni moja ya mia mbili ya nukta. Utakuwamo, lakini hatutakujua."

"Na ili nukta moja itujue?"

"Ingetakiwa kitu cheupe cha mita kumi kwa kumi. Kwa kweli ishirini kwa ishirini, maana hatujui nukta zitaangukia wapi, na moja itaangukia ndani yake yote." Halafu akaanza kutembea huku na huku kwa ile haraka yake ya kusahau kitu jikoni. "Kitu cheupe peke yake kwenye lami nyeusi. Hilo lingetusaidia. Drafti inatuambia ukali wa kingo, lakini nukta moja ya mwanga inatuambia kamera inamwaga mwanga upande gani. Una kitu cheupe cha ishirini kwa ishirini?"

"Sina," alisema Fundi Kamba. "Ila nimemwoa mwenye nacho."

Mama Pacha alipoulizwa, aligeukia kamba zake, akaanza kuhesabu. Shuka moja ilikuwa mita mbili kwa mbili na nusu. Upande mmoja nane, upande mwingine kumi. Themanini. Alikuwa nazo sitini za nyumba za wageni. Zingine zingetoka kwa mabinti zao pacha, walioolewa mitaa ya jirani, kwa shemeji, na kwa majirani.

"Hizi ni shuka za watu," alisema mwishowe.

"Najua."

"Zikirudi na lami, Baba Pacha, wewe ndiye utakayezifua. Kwa mkono. Zote."

"Nitazifua."

"Basi," akasema, na tayari alikuwa anatabasamu, "saa ngapi linapita hilo dude lako?"

Ilikuwa ipite saa nne na dakika ishirini na nne asubuhi. Saa mbili walikuwa wameshafika, watu ishirini na wanne na gari la kubebea mizigo lililojaa shuka. Walifagia lami kando ya drafti mpaka ikang'aa. Wakatandaza, wakabana kingo kwa mawe yaliyooshwa. Pacha wawili walipita wakinyoosha mikunjo kwa viganja. Bibi alikuja amevaa gauni jeupe, kitambaa cheupe kichwani, na kiti chake cha plastiki, cheupe pia. Akakiweka katikati kabisa ya shuka themanini, akakaa.

"Bibi," mhandisi alimweleza kwa upole, "wewe peke yako ni chini ya moja ya mia mbili."

"Moja ya mia mbili si sifuri," bibi alijibu, akakunja mikono.

Saa nne na dakika ishirini, anga lilikuwa jeupe pe upande wote isipokuwa wingu moja. Lilikuwa wingu dogo, la mviringo, lisilo na haraka. Lilitoka nyuma ya mnara wa zamani wa kuongozea ndege, likaja, watu wote wakilitazama, likasimama juu yao kama mgeni aliyeambiwa akae. Kivuli kikafunika shuka. Mhandisi alitazama simu yake, akatazama juu, akatazama simu.

"Imepita," akasema.

Wingu lilikaa dakika nyingine mbili, likaondoka.

Ndipo bibi, kutoka kwenye kiti chake, akaliambia lile wingu likiwa limeshageuza mgongo, "Haya, umeonekana wewe. Umefurahi?" Na watu ishirini na wanne, wakiwa wamefagia lami tangu saa mbili asubuhi, walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Mmoja wa vibarua alilazimika kukaa chini. Walikunja shuka wakicheka. Kila mtu akikaribia kutulia, mwingine atanyoosha kidole juu.

Setilaiti ingerudi njia ile ile baada ya siku kumi na mbili. Siku hizo Fundi Kamba hakuwa mtu wa kukaa naye. Alisimama uani kila asubuhi akisoma anga. Alijifunza majina ya mawingu kutoka kwa mhandisi na kuyatumia vibaya mezani. Bibi naye aliyajifunza na kuyatumia kama matusi.

Siku ya kumi na mbili anga lilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa. Hapakuwa na wingu. Palikuwa na upepo.

Ulianza saa nne kasorobo, wakati shuka ya mwisho inalazwa. Kona moja iliinuka, jiwe likabingirika, na mara safu nzima ikavimba kama mkate kwenye tanuri. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kujitupa. Alilala kwa tumbo pembeni, mikono ameitandaza, akaita, "Kaeni pembeni, pembeni, msikanyage katikati." Watu walikimbia wakavua viatu, wakalala kuzunguka kingo, kichwa kwa miguu, kichwa kwa miguu, wakabana shuka kwa viwiko na magoti. Mpima ardhi alilala na kofia yake. Mhandisi alilala na simu mkononi. Shuka ishirini za katikati zilibanwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti alikaa bibi, ambaye upepo ulimvimbisha gauni hadi akaonekana mara mbili ya alivyo.

"Dakika mbili," alisema mhandisi.

Fundi Kamba alikuwa amelala kwa mgongo kwenye kona, visigino amevibana juu ya pindo. Juu yake hapakuwa na kitu, buluu tupu. "Inakwenda kasi gani?" aliuliza.

"Kilomita saba na nusu kwa sekunde. Ukianza kutamka 'setilaiti', mpaka umalize imeshavuka mji."

"Setilaiti," alisema Fundi, kujaribu.

"Setilaiti," alisema mkewe kutoka kona nyingine.

Wakaanza wote. Watu wazima, wenye wajukuu baadhi yao, wamelala kwenye lami ya uwanja wa ndege usio na ndege, wakitamka neno moja kwa zamu na kwa pamoja, haraka na polepole, huku upepo ukiwapiga makofi ya shuka usoni.

"Sasa," alisema mhandisi.

Hapakusikika chochote, hapakuonekana chochote. Fundi Kamba alifungua macho kadiri yalivyoweza kufunguka. Alihisi jua usoni na jiwe mgongoni, na kitu kilimpanda kutoka kwenye visigino, chepesi, cha kumtekenya, kana kwamba lami imeinuliwa kidole kimoja na kurudishwa. Akapunga mkono. Alijua ni moja ya mia mbili, na mkono peke yake ni sehemu ya sehemu ya hiyo, akapunga hata hivyo, wa kulia kisha wa kushoto. Alipogeuza kichwa aliona wote wanapunga. Bibi alipunga kwa utulivu, kama mtu anayemjibu jirani dirishani.

"Imeshapita," alisema mhandisi. Hakuna aliyeinuka mpaka dakika kumi zilipoisha.

Picha iliteremshwa mchana huo na kusafishwa usiku. Asubuhi yake familia iliitwa kwenye taasisi, chumba kidogo chenye skrini tatu na kiyoyozi kilichomfanya bibi aombe koti la mpima ardhi. Mhandisi alivuta picha karibu, karibu zaidi. Mji ulionekana kama kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa kijivu. Halafu ile lami ndefu. Halafu drafti.

Ilikuwa ndogo, imeinama kwa madaha, nyeusi kwa nyeupe. Fundi Kamba aliitazama. Miaka thelathini alikuwa ameona kazi yake kutoka urefu wa mtu aliyeinama.

"Imenyooka," alisema.

"Imenyooka kuliko kamera yetu," alisema mhandisi. Kisha akaweka kidole kando ya drafti. "Na hii hapa."

Kwenye weusi wa lami palikuwa na nukta moja nyeupe. Moja, inayong'aa, na pembeni yake nyingine tatu hafifu, mbili kati ya hizo upande wa mashariki.

Mama Pacha alishika mdomo. Pacha mmoja alianza kulia na kucheka pamoja. Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ipi ni mimi?" aliuliza.

"Hiyo inayong'aa, Bibi. Wewe uko humo ndani."

"Na huyu?" Alimnyooshea mkwe wake kidole bila kugeuka.

"Alikuwa kona ya mashariki. Huenda yuko kwenye hii hafifu."

"Ndiyo," alisema bibi kwa kuridhika, "hata nyumbani yuko hivyo."

Lakini mhandisi alikuwa ameshaanza kutembea huku na huku. Zile nukta mbili hafifu za mashariki hazikutakiwa kuwapo namna ile, nje kabisa ya shuka. Mwanga ulikuwa unamwagika upande mmoja, na kingo za drafti zilisema hivyo hivyo: darubini ya kamera ilikuwa imesogea kidogo kwa baridi ya kule juu, kidogo kuliko unywele, na ilikuwa inaona kwa ukungu. Kulikuwa na vipasha joto vidogo kuzunguka bomba lake. Wangevipandisha nyuzi mbili, wangoje, wapige picha tena. Alieleza haya yote akimshika Fundi Kamba mabega na kumtikisa.

"Kwa hiyo ni mbovu?" Fundi aliuliza, ameingiwa na huruma.

"Ilikuwa inahitaji miwani. Umeivalisha miwani."

Ilichukua wiki tano na mapito matatu. Picha ya mwisho ilipotoka, ukingo kati ya mweusi na mweupe ulikuwa umekatika kama kwa wembe, na mashamba ya ng'ambo ya mto yalionekana moja moja, hadi mifereji kati yake. Taasisi ilimwita Fundi Kamba tena, safari hii kumpa kazi ya kudumu: kufagia drafti kila wiki, kuipaka upya kila mwaka, na kupanga nyingine, kubwa zaidi, kwa kamera itakayofuata. Alikubali kwa sharti moja, kwamba ile tofauti ya sentimita mbili aiondoe kwanza. Waliona heri wakubali.

Shuka zote themanini zilirudi safi isipokuwa moja. Hiyo aliifua mwenyewe, kwa mkono, mkewe akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akimwelekeza.

Bibi sasa alikuwa na desturi. Kila Jumatano alisindikizwa hadi taasisi, akapewa koti na kiti, na mhandisi akamfungulia picha mpya za wiki. Aliona jangwa lenye mikunjo kama kitanda kisichotandikwa. Aliona mto ukiingia baharini, maji ya udongo yakikataa kuchanganyika na ya buluu. Aliona barafu iliyopasuka kwa mstari mmoja mrefu, akamwambia mkwe wake, aliyekuwa amesimama nyuma na ndoo ya rangi, kwamba mstari ule nao umenyooka vizuri sana na angependa kumfahamu aliyeuchora.

"Na kule," aliuliza siku moja, akigusa kisiwa kidogo kisicho na barabara, "kuna watu?"

"Wapo wachache, Bibi."

"Wanajua kama wanaonekana?"

Mhandisi alisema hadhani. Bibi alifikiri juu ya hilo, akaona ni hasara kubwa kwa watu wale, akaomba aonyeshwe wanaofuata.